Pasaka ya Watoto kwa Gharama Ndogo

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu awasomee wanafunzi polepole mara moja, kisha wao wasome wenyewe kwa zamu.)

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini huleta taabu kubwa katika nyumba nyingi. Jambo lenyewe ni hili: Pasaka yaja, watoto waingoja, na mfuko hauna kitu.

Tazameni majira yenyewe. Pasaka haina tarehe moja kila mwaka kama Krismasi. Tangu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, Wakristo walikubaliana kuifanya siku ya Jumapili, na hesabu iliyoenea ni hii: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo, katika makanisa yetu mengi, Pasaka haiwezi kuja kabla ya tarehe 22 Machi, wala kupita tarehe 25 Aprili. Mwaka 2027 itakuwa tarehe 28 Machi. Mwaka 2028 itakuwa tarehe 16 Aprili. Wale wenye kalenda ukutani na watazame, kwani kusoma kalenda nako ni kusoma.

Sasa, Machi na Aprili kwetu ni wakati gani? Ni wakati wa masika. Barabara zina matope. Katika sehemu nyingi akiba ya ghala imepungua, na mavuno mapya hayajafika. Mkulima ana palizi, hana fedha. Na ndio wakati huo huo mtoto auliza, "Mama, Pasaka nitapata nini?" Mzazi aona haya kusema, "Hupati kitu." Basi huenda dukani akakopa. Sikukuu hupita kwa siku moja, lakini deni hubaki mpaka shule zifunguliwe, na daftari na kalamu zikakosa fedha. Wazee walisema, dawa ya moto ni moto, lakini hawakusema dawa ya umaskini ni deni.

Sisemi watu wasifurahi. Nasema furaha ya mtoto si lazima itoke dukani. Mtoto mdogo hupenda zaidi kitu alichokifanya kwa mikono yake, tena akiwa amekaa na baba au mama yake aliye na nafasi ya kumtazama. Leo nitawafundisha kazi tatu. Ya kwanza ni msalaba wa ukindu. Ya pili ni bustani ndogo katika sahani. Ya tatu ni yai la rangi lenye maandishi. Vitu vyote tutakavyotumia viko shambani, jikoni, au vinatupwa sokoni.

Na ninyi wenzetu Waislamu mlio darasani, msizime redio. Kazi hizi za ukindu, mbegu na rangi za jikoni zaweza kumfaa mtoto yeyote, siku yoyote, hata siku ya mvua ambayo mtoto hana pa kucheza.

KAZI YA KWANZA: MSALABA WA UKINDU

Wiki moja kabla ya Pasaka kuna Jumapili ya Matawi. Siku hiyo Wakristo hukumbuka jinsi Yesu alivyoingia Yerusalemu, na watu wakampokea kwa matawi ya mitende. Makanisa mengi hugawa matawi au misalaba midogo iliyosukwa. Watu huipeleka nyumbani, na katika makanisa mengine hurudishwa mwaka unaofuata, ikachomwa, na majivu yake hutumiwa siku ya Jumatano ya Majivu.

Labda hamjui kwamba kazi hii imewahi kuwapatia watu wa nchi yetu fedha. Kusini mwa Tanzania, katika sehemu za Masasi, tangu miaka ya 1960 wanakijiji walisuka misalaba midogo ya majani makavu, ikapelekwa kwa meli mpaka Uingereza na Marekani, ikagawiwa makanisani huko. Jani lililoota lenyewe mwituni lilivuka bahari likarudi kuwa fedha. Basi msidharau jani.

Mkisikia maneno haya, chukueni ukindu, au majani ya mnazi, au majani ya mtende. Fanyeni hivi:

Kwanza, ukindu ukiwa mkavu, uloweke katika maji mpaka ulainike, usije ukavunjika ukiukunja.

Pili, kata vipande viwili vyenye upana wa kidole kimoja. Kipande kirefu kiwe shibiri mbili. Kipande kifupi kiwe shibiri moja. Shibiri ni urefu kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umetanuliwa. Kwa hiyo hamhitaji rula.

Tatu, kunja kipande kirefu katikati, ncha zake zikutane. Sasa umepata mti wa msalaba, nao una pande mbili zilizolaliana kama kitabu kilichofungwa.

Nne, chukua kipande kifupi, ukunje ncha zake zote mbili kuelekea katikati mpaka zikutane. Huo ndio mkono wa msalaba.

Tano, ingiza mkono kati ya zile pande mbili za mti, karibu na juu, pale penye mkunjo. Acha theluthi moja juu, theluthi mbili chini.

Sita, chukua uzi wa ukindu mwembamba, ufunge pale vinapokutana, ukipita mshazari upande huu, kisha mshazari upande wa pili, kama alama ya kuzidisha katika hesabu. Funga fundo nyuma.

Basi, msalaba umekwisha. Mtoto wa miaka minane aweza kuumaliza mwenyewe akionyeshwa mara mbili. Mtoto wa miaka minne hawezi kufunga fundo, lakini aweza kupima shibiri na kukunja. Msimnyang'anye kazi kwa sababu amekunja kombo. Msalaba wa kombo alioufanya mwenyewe ataulinda kuliko ule mliomnyooshea.

Onyo moja: kisu cha kukatia kishikwe na mtu mzima.

KAZI YA PILI: BUSTANI YA SAHANI

Kazi hii huanza siku ile ile ya Jumapili ya Matawi, maana mbegu zahitaji siku za kuota. Wakristo husema kwamba Yesu alizikwa katika kaburi lililochongwa mwambani, ndani ya bustani, na jiwe likavingirishwa mlangoni. Na asubuhi ya Jumapili wanawake walifika wakakuta jiwe limeondolewa. Mtoto mdogo husikia habari hii kanisani, lakini haioni. Bustani ya sahani humwonyesha.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: sahani kuukuu ya bati au ungo uliochakaa, udongo, nusu ya kifuu cha nazi, jiwe moja la mviringo, na mbegu za mtama, au ulezi, au mchicha, kiasi cha kujaa kiganja cha mtoto. Asiye na kifuu atumie kipande cha chungu kilichovunjika au kikombe kilichokatika mkono. Mkitumia ungo, tandikeni jani la mgomba kwanza ili udongo usipite.

Jumamosi jioni lowekeni mbegu katika maji. Mbegu iliyokunywa maji usiku kucha huamka upesi. Jumapili, mtoto na ajaze udongo sahanini, unene wa vidole viwili. Kifuu kilazwe upande mmoja, mdomo wake ukitazama mbele, kifunikwe udongo juu na ubavuni kiwe kama kilima chenye pango. Kisha mtoto atawanye mbegu juu ya kilima na mbele ya pango, azifunike kwa udongo mwembamba kabisa, anyunyize maji kwa vidole. Jiwe liwekwe mlangoni mwa pango, lizibe.

Wekeni sahani mahali penye mwanga, kuku wasipofika. Hili la kuku nalisema kwa mkazo. Kuku mmoja aweza kuharibu Pasaka ya watoto watano kwa dakika moja.

Sasa kazi ya kila siku ni ya mtoto. Asubuhi anyunyize maji kidogo. Asimwage mengi, maana sahani haina tundu, na mbegu ikikaa majini huoza. Kwa mtama, baada ya siku tatu au nne mtaona ncha nyeupe zikipasua udongo. Ikifika Jumapili ya Pasaka majani yatakuwa yamesimama, kilima kimekuwa kijani. Alfajiri ya Pasaka, kabla ya watu wengine kuamka, au mbele ya nyumba nzima kama mpendavyo, mtoto aliondoe jiwe mwenyewe.

Tazameni alichojifunza mtoto huyo kwa wiki moja. Amejifunza kusubiri. Amejifunza kwamba mbegu ni kitu hai. Amejifunza kutunza kitu kila siku bila kuambiwa. Na ninyi wanafunzi wa kisomo mwaweza kumsaidia kwa kalamu: chukueni kipande cha karatasi, andikeni juu yake siku saba, Jumapili mpaka Jumamosi, na kila siku mwandike neno moja tu. Kwa mfano: "Jumapili, tumepanda. Jumatatu, bado. Jumatano, zimeota." Hiyo ni taarifa kamili. Hata bwana shamba huandika hivyo hivyo.

KAZI YA TATU: YAI LENYE MAANDISHI

Sasa tufike kwenye yai. Kwa nini yai na Pasaka? Sababu moja ni hii. Zamani, katika nchi za Ulaya na za Mashariki, Wakristo wakati wa Kwaresima hawakula nyama, wala maziwa, wala mayai. Walifunga kwa siku arobaini. Lakini kuku hawafungi. Kuku waliendelea kutaga, mayai yakarundikana. Ilipofika Pasaka mfungo ukaisha, na mayai yakawa mengi kila nyumba. Watu wakayapika, wakayatia rangi, wakapeana zawadi. Na wengine waliliona yai kuwa mfano wa kaburi: nje ni kimya kama jiwe, ndani mna uhai.

Katika Uingereza, mwaka 1290, wakati wa Mfalme Edward wa Kwanza, kitabu cha hesabu za nyumba ya mfalme kilionyesha kwamba yalinunuliwa mayai 450 kwa ajili ya Pasaka, yakapambwa kwa rangi na dhahabu, kwa bei ya peni 18. Zaidi ya miaka mia saba imepita. Mfalme amekufa, mayai yameliwa, lakini sisi twajua idadi na bei. Kwa nini? Kwa sababu karani mmoja aliandika. Kumbukeni hilo mtu akiwauliza kisomo kina faida gani.

Na huko Ukraine kuna mayai ya Pasaka yaitwayo pysanka. Jina hilo latokana na neno la lugha yao lenye maana ya kuandika. Wao hawasemi kwamba yai limechorwa, husema limeandikwa. Huandika kwa nta iliyoyeyushwa, kisha hutia yai katika rangi. Palipo na nta, rangi haiingii. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliiingiza kazi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Sisi leo tutafanya kwa njia nyepesi zaidi, lakini akili ni ile ile, nayo hata mafundi wetu wa batiki waijua.

Kabla sijaendelea, najua mama mmoja atauliza, "Mwalimu, nyumbani kwangu yai ni chakula. Nina watoto sita na mayai mawili. Wataka nichezee chakula?" Hapana, mama. Hakuna yai litakalotupwa. Njia ziko mbili, na kwa zote mbili yai huliwa.

Njia ya kwanza ni ya yai la kuchemsha. Mtoto hulipamba, kisha hulila siku ile ile.

Njia ya pili ni ya yai tupu. Osheni yai kwa maji na sabuni. Toboeni tundu dogo juu na tundu dogo chini kwa sindano safi. La chini liwe kubwa kidogo. Ingizeni sindano mvuruge kiini, kisha mtu mzima apulize kwa juu mpaka ute na kiini vitoke katika bakuli. Vilivyotoka vikaangwe mara moja na nyanya na vitunguu, vikaive sawasawa, wote wale. Ganda lisuuzwe ndani na nje, likaushwe. Ganda hilo laweza kukaa miaka mingi lisipoanguka. Kwa nyumba yenye mayai mawili, hii ndiyo njia. Wote hula, na bado pana mayai mawili ya kupamba. Anayepuliza anawe midomo na mikono kwa sabuni, kwa maana yai bichi laweza kuwa na vijidudu vya kuendesha tumbo.

Sasa rangi. Hapa nawaomba msikilize vizuri sana. Madukani huuzwa rangi za unga za kutia ukindu wa mikeka na nguo. Ni rahisi, tena zang'aa. Msizitie katika yai litakaloliwa. Ganda la yai lina matundu madogo maelfu, hayaonekani kwa macho, na rangi yaweza kupenya ikaingia ndani. Rangi ya mkeka ni ya mkeka. Kwa yai tutatumia rangi ya chakula chenyewe.

Rangi ya kahawia inayoelekea wekundu hutoka katika maganda makavu ya vitunguu maji. Msinunue. Nendeni kwa mwuza vitunguu sokoni, mwombeni awaachie maganda yaliyoanguka mezani. Huyafagia kila jioni. Maganda ya vitunguu kama kumi na viwili yatosha. Yatieni katika sufuria pamoja na maji vikombe vitatu. Yachemke kwa nusu saa kwa moto mdogo. Chujeni, mwache yapoe.

Rangi ya njano hutoka katika bizari ya manjano. Vijiko viwili vya chai katika vikombe viwili vya maji, vichemke kwa robo saa, mchuje.

Rangi ya hudhurungi hutoka katika majani ya chai yaliyochemshwa yakawa mazito sana.

Katika kila rangi tieni vijiko viwili vya siki, au maji ya ndimu moja. Ganda la yai ni jamii ya chokaa. Ukali wa ndimu hulikwaruza kidogo, na rangi hushika. Lakini msizidishe, maana ndimu ikiwa nyingi mno ganda huanza kulika.

Mayai ya kuku wa kienyeji, yale meupe au ya rangi ya maziwa, hushika rangi vizuri zaidi kuliko yale ya kahawia. Kwanza yajaribuni majini. Yai zuri hulala chini. Yai linaloelea ni la zamani sana, msilitumie. Kisha yachemsheni kwa dakika kumi au kumi na mbili, mkaache yapoe na kukauka. Litakalopasuka sufuriani lile pale pale, lisipambwe.

Sasa ndipo mtoto akae karibu. Chukueni kipande cha mshumaa mweupe kilichobaki, hata kikiwa kidogo kama kidole. Hakiwashwi. Kishikeni kama kalamu, mwandike juu ya ganda kavu. Kandamizeni kidogo. Mwandike nini? Jina la mtoto. Kama jina ni refu, kwa maana yai ni dogo, andikeni herufi ya kwanza tu. Au andikeni neno fupi: UHAI, AMANI, PENDO.

Mtakapoandika hamtaona kitu. Nta nyeupe juu ya ganda jeupe haionekani. Msifikiri mmekosea. Ligeuzeni yai upande wa mwanga, mtaona mng'ao mdogo pale mlipopita. Kisha litumbukizeni katika rangi iliyopoa. Nasema iliyopoa, maana rangi ya moto itayeyusha nta na maandishi yatapotea. Ganda tupu huelea, kwa hiyo likandamizeni kwa kijiko au liwekeeni sahani ndogo juu. Ngojeni nusu saa. Mkitaka rangi iliyokolea, ganda tupu laweza kukaa hata usiku kucha, lakini yai la kuchemsha lisikae.

Likitolewa, msilisugue. Liacheni likauke. Hapo jina litatokea, jeupe katikati ya rangi.

Ndugu zangu, wengi wenu mliingia darasani miezi michache iliyopita hamjui kushika kalamu. Watoto wenu wanaosoma shuleni wamezoea kuwaandikia ninyi barua na kuwasomea karatasi za zahanati. Siku ya Pasaka mtoto aone jina lake, limeandikwa kwa mkono wa mama yake au baba yake aliyekuwa hajui kuandika. Hakuna duka linalouza kitu hicho. Basi jizoezeeni jina hilo katika daftari tangu leo, kila jioni mara tano, mpaka mkono ulizoee.

Wasiotaka kuandika waweza kupamba kwa jani. Chukueni jani dogo lenye umbo zuri, kama la giligilani au la karoti. Lilazeni juu ya yai bichi lililolowa, lifungeni kwa kipande cha kitambaa chepesi kama shashi, mkaze kwa uzi. Kisha yai lichemshwe ndani ya rangi yenyewe kwa dakika kumi na mbili. Mkifungua, umbo la jani litakuwa limebaki pale. Lakini kitambaa kisiwe kipande cha chandarua cha mbu. Vyandarua vingi vina dawa ya kuua wadudu, nayo haifai kuingia katika chakula.

Juu ya kula: yai lililochemshwa huharibika upesi kuliko bichi, maana kuchemsha huondoa utando mwembamba unaolinda ganda. Kwa nyumba isiyo na jokofu, rangi zitayarishwe Jumamosi jioni, mayai yachemshwe na kutiwa rangi Jumapili asubuhi, na yaliwe mchana. Yasikae nje zaidi ya saa mbili. Usimhurumie mtoto anayelia akitaka kulilaza yai lake kitandani. Mpeni ganda tupu alilaze.

Kabla ya kula kuna mchezo. Wagiriki huucheza siku ya Pasaka kwa mayai yao mekundu, nao hutia rangi siku ya Alhamisi Kuu. Watoto wawili hushika kila mmoja yai lake la kuchemsha. Mmoja agonge ncha ya yai la mwenzake kwa ncha ya yai lake. La nani litapasuka? Ambaye yai lake limebaki zima hugongana na mwingine, mpaka abaki mshindi mmoja. Mchezo huu hauna gharama, na mwishoni wote hula, aliyeshinda na aliyeshindwa.

Na maganda yaliyovunjika? Msiyatupe. Nusu ya ganda ijazwe udongo, ipandwe mbegu tatu za mchicha, mtoto achore macho na mdomo kwa mkaa. Baada ya siku kadhaa atakuwa na mtu mwenye nywele za kijani. Mche ukikua, upandeni bustanini pamoja na ganda lake, mkilivunja kidogo chini ili mizizi ipite.

Sasa nakumbusha mpango wa wiki. Jumamosi kabla ya Matawi: lowekeni mbegu. Jumapili ya Matawi: pandeni bustani, sukeni misalaba. Jumatatu mpaka Ijumaa: nyunyizeni maji, kusanyeni maganda ya vitunguu, jizoezeeni majina. Jumamosi Kuu: chemsheni rangi, wenye maganda matupu waandike na kuyatia. Jumapili ya Pasaka: ondoeni jiwe, chemsheni mayai, andikeni, tieni rangi, chezeni, mle. Moto na maji ya moto viwe mikononi mwa watu wazima siku zote.

Mwalimu wa darasa, tafadhali wape wanafunzi maswali haya, wayajibu kwa kuandika:

1. Kwa nini tarehe ya Pasaka hubadilika kila mwaka?
2. Shibiri ni nini? Msalaba wetu ulihitaji shibiri ngapi kwa jumla?
3. Kwa nini mbegu zilowekwe usiku kucha?
4. Kwa nini rangi ya mkeka haifai kwa yai la kula?
5. Kwa nini rangi iwe imepoa kabla ya kutia yai lenye nta?
6. Andika majina ya watoto wote wa nyumbani kwako. Lipi ni fupi, laweza kuenea katika yai? Lipi litaandikwa herufi ya kwanza tu?

Swali la sita ndilo kubwa. Atakayeandika majina yote bila kusaidiwa na amwonyeshe mwalimu, na mwalimu asikose kumpongeza mbele ya darasa.

Muda wetu umekwisha. Nawatakia kazi njema na Pasaka njema. Tutaonana tena katika somo lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.